Asili ya Mpaka wa Mawimbi ya Simu

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme. Ni historia ya namba. Kaa vizuri, maana njia yake ni ndefu kidogo, nayo yapita Ujerumani, Marekani na Urusi kabla ya kufika mfukoni mwako.

Swali lenyewe lilinipata kijijini. Nilikwenda kukitembelea kikundi kimoja cha wasikilizaji wetu, nikakuta watu wanabishana juu ya mnara wa simu uliojengwa karibu na shule. Wengine walisema mnara utawaletea watoto kansa, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwazuia watoto wao wasiende darasani. Wengine walisema hayo ni maneno ya watu wasiopenda maendeleo. Siku hiyo akaja fundi na chombo cha kupimia. Akazunguka uwanja wa shule, akasoma chombo chake, akasema, "Hapa hapana neno. Mawimbi yako chini kabisa ya mpaka uliowekwa." Akapanda gari akaenda zake.

Ndipo mama mmoja mkulima akanigeukia akasema, "Bwana Elimu, huyu bwana amesema mpaka. Mpaka huo aliuweka nani? Na alijuaje kuuweka pale, asiuweke pengine?"

Nilikaa kimya. Chuo kikuu nimesoma na diploma ninayo, lakini jibu sikuwa nalo. Nikamwomba anipe muda. Haya utakayosikia leo ndiyo niliyomrudishia.

Kwanza yatupasa tusafishe neno moja. Katika Kiswahili twasema mionzi ya jua, mionzi ya eksirei, mionzi ya bomu la atomiki, na siku hizi mionzi ya simu. Neno ni moja, vitu ni mbalimbali, na hofu ya kimoja huwaambukiza ndugu zake. Eksirei iligunduliwa na Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895, na watu wakaichezea bila kujua nguvu yake. Clarence Dally, msaidizi wa Edison huko Marekani, aliunguzwa mikono na eksirei, akakatwa, na mwisho akafa mwaka 1904. Eksirei yaweza kuvunja chembe ndogo kabisa za mwili, na jeraha la namna hiyo laweza kuwa kansa baada ya miaka.

Mawimbi ya redio si ya namna hiyo. Haya Heinrich Hertz, Mjerumani vilevile, aliyaonyesha katika mji wa Karlsruhe miaka ya 1886 hadi 1888. Ni jamaa ya nuru ya taa, tena dhaifu kuliko nuru hiyo; hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili. Kazi yanayoweza kuifanya ndani ya mwili, kazi iliyothibitishwa, ni kuyatikisa maji yaliyomo, na maji yakitikiswa hupata joto. Ukiyaongeza mawimbi ya redio mara elfu, utapata joto kubwa zaidi, lakini hutapata eksirei. Shika neno hilo, joto, maana historia yote inayofuata yalizunguka hilo.

Waganga wa Ulaya walilijua joto hili mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na mashine za kuwapasha wagonjwa joto ndani ya viungo kwa umeme wa masafa ya juu. Mgonjwa alilala, mashine ikawashwa, maumivu ya goti yakapungua. Hapakuwa na haja ya mpaka, kwa kuwa joto ndilo lililokuwa likitafutwa.

Mambo yakageuka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1940 Waingereza wawili, Randall na Boot, katika chuo kikuu cha Birmingham, walitengeneza chombo kidogo kiitwacho magnetroni, chenye kutoa mawimbi mafupi kwa nguvu ambayo haijapata kuonekana. Kwacho rada zikaweza kuona ndege na manowari usiku na ukunguni. Basi ghafula vijana wengi wa jeshi wakawa wanafanya kazi mbele ya mawimbi makali, na uvumi ukaanza kambini: eti rada humfanya mtu awe tasa, eti hung'oa nywele. Jeshi la Majini la Marekani likawachunguza watu wake, na taarifa iliyotolewa mwaka 1943 ikasema dhara halikuonekana. Miaka miwili baadaye Percy Spencer, fundi wa kampuni ya Raytheon, alisimama karibu na magnetroni na chokoleti iliyokuwa mfukoni mwake ikayeyuka. Wengine wangelalamika kuchafuliwa nguo. Yeye akaomba hataza ya jiko, na ndiyo asili ya jiko la maikrowevu.

Lakini kinachoyeyusha chokoleti hakikosi kugusa nyama. Mwaka 1948 wachunguzi wa Marekani walionyesha kwamba mawimbi makali ya namna hii huwapatia wanyama wa maabara mtoto wa jicho. Kwa nini jicho? Kwa sababu lenzi ya jicho haina mishipa ya damu. Mahali pengine mwilini damu hupita ikalichukua joto na kulipeleka kwenye ngozi, kama mto unaopoza shamba. Lenzi haina mto wa kuipoza. Ikipata joto hubaki nalo, na utando mweupe huingia kama ute wa yai uliopikwa. Mwaka 1952 ikachapishwa habari ya fundi mmoja aliyefanya kazi na mawimbi hayo akapatwa na mtoto wa jicho. Sasa jeshi likaona haja ya kuweka mpaka.

Hapa ndipo anapoingia Herman Schwan. Alikuwa Mjerumani aliyehamia Marekani baada ya vita akafundisha katika chuo kikuu cha Pennsylvania, na elimu yake ilikuwa juu ya umeme katika viumbe hai. Alifanya hesabu ambayo wewe pia waweza kuifuata. Mwili wa mtu hutengeneza joto wenyewe, mchana na usiku, na hulitoa kwa ngozi, kwa pumzi na kwa jasho. Ukimwongezea joto kidogo, mwili utalitoa pamoja na lake. Ukimwongezea kupita uwezo huo, joto litabaki ndani na homa itapanda. Schwan akakisia uwezo huo, akaona kwamba dhara huanza kama miliwati 100 zikianguka juu ya kila sentimeta ya mraba ya mwili. Kisha akagawanya kwa 10 ili pawe na nafasi ya usalama, na mwaka 1953 akawaandikia wakubwa wa Jeshi la Majini akashauri mpaka wa miliwati 10.

Ili upate mfano, miliwati 10 kwa sentimeta ya mraba ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu ya jua la saa sita mchana. Tofauti ni kwamba jua huishia kwenye ngozi, nawe hulihisi mara moja ukakimbilia kivulini, hali mawimbi haya hupenya ndani zaidi, mahali ambapo mwili hauna kengele nzuri ya kukuamsha.

Ndugu msikilizaji, usidhani kwamba namba hiyo ilishuka kutoka mbinguni na watu wote wakainama. Miaka ile ile maabara za kampuni ya simu ya Bell zilijiwekea mpaka wao, ulio mdogo mara 100 kuliko ule wa Schwan, na kampuni ya General Electric ikachukua mdogo mara 10. Wote walisoma habari zile zile, kila mmoja akachagua kuogopa kiasi chake. Baada ya miaka michache namba ya Schwan ndiyo iliyobaki. Ilikuwa na hesabu nzuri nyuma yake, hilo ni kweli. Lakini mimi naona tusisahau vilevile kwamba jeshi lilikuwa na rada nyingi, na mpaka mdogo ungelilazimisha kutwaa eneo kubwa zaidi kuzunguka kila rada. Namba iliyoruhusu kazi iendelee ilipendeza kuliko zile ambazo zingeisimamisha. Mwaka 1966 ikaandikwa rasmi kuwa kanuni ya Marekani: miliwati 10, kwa wastani wa dakika 6.

Wakati huo Warusi walikuwa wamepita njia nyingine kabisa. Mwaka 1958 walitoa mpaka wao kwa wafanyakazi wa kutwa, nao ulikuwa mdogo mara 1,000 kuliko wa Wamarekani. Mara elfu! Sababu ni kwamba waliuliza swali jingine. Wamarekani waliuliza, "Ni wapi mtu anapoumia?" Warusi wakauliza, "Ni wapi mtu anapoanza kubadilika kwa namna yoyote?" Waganga wao waliwachunguza wafanyakazi wa viwanda, wakaandika malalamiko ya kuumwa kichwa, kuchoka na kukosa usingizi. Wamarekani waliposoma maandiko hayo walisema hayaelezi vizuri vipimo vilifanywaje, wala kama wafanyakazi wengine wasio karibu na mawimbi hawakuchoka vilevile. Hoja hiyo ilikuwa na haki yake. Hata hivyo nadhani swali la Warusi lilikuwa la heshima, ingawa majibu yao hayakukamilika.

Tofauti hiyo ilizaa kisa cha ajabu mjini Moscow. Tangu miaka ya 1950 hadi ya 1970, Warusi walilielekezea jengo la ubalozi wa Marekani mawimbi mafupi. Serikali ya Marekani ilijua, ikakaa kimya miaka mingi, na watumishi wa ubalozi hawakuambiwa mpaka mwaka 1976. Hebu fikiri walivyobanwa. Mawimbi yale yalikuwa chini sana ya mpaka wa Marekani yenyewe. Kama wangelalamika kwamba yanadhuru, wangekuwa wanaishitaki kanuni yao wenyewe. Mwaka 1978 uchunguzi wa chuo kikuu cha Johns Hopkins uliwalinganisha watumishi hao na wenzao wa balozi nyingine za Ulaya ya Mashariki, usipate dalili ya kuaminika kwamba mawimbi yaliwadhuru. Lakini watu waliokaa miaka mingi bila kuambiwa jambo linalohusu miili yao hawaponywi hasira na taarifa, na mimi siwalaumu.

Sasa tufike kwa kima, maana hapa ndipo penye kiini cha jibu.

Hesabu ya Schwan ilikuwa na upungufu mmoja. Ilipima mawimbi yanayoanguka juu ya mwili, haikupima yanayoingia. Na mwili hauyanywi mawimbi yote sawasawa. Mtu aliyesimama ni kama antena. Mawimbi yenye urefu unaolingana na kimo chake humwingia sana, na mengine humpita. Kwa mtu mzima masafa yanayomwingia kuliko yote ni kama megahezi 70 au 80, si mbali na masafa ya redio za FM. Mtoto, kwa kuwa ni mfupi, hunywa zaidi katika masafa ya juu kidogo. Basi wataalamu wakabadili kipimo. Badala ya kuuliza ni kiasi gani kinaanguka juu ya ngozi, wakauliza ni wati ngapi zinazonywewa na kila kilo ya mwili. Wewe ukiwa umekaa tu, mwili wako wenyewe hutengeneza kama wati 1 ya joto kwa kila kilo. Ukishika jembe ukalima, hutengeneza mara kadhaa zaidi.

Kisha likabaki swali la mama yetu: mpaka uwekwe wapi? Katika maabara ya Jeshi la Majini huko Pensacola, Florida, mchunguzi John de Lorge aliwafundisha panya na kima kazi ndogo. Mnyama mwenye njaa alibonyeza kitufe kwa utaratibu fulani, akapewa chakula. Akibonyeza tena, akapewa tena. Alipokwisha kuizoea kazi, wakafungua mawimbi kidogo kidogo. Mwanzoni hakujali. Wakaongeza. Ikafika mahali mnyama akaanza kuchelewa, akabonyeza kwa uvivu, na mwisho akaiacha kazi, ingawa njaa anayo na chakula kipo. Walipompima walikuta joto la mwili wake limepanda kama digrii 1. Mawimbi yalipozimwa, alirudia kazi yake.

Jambo hili lilirudiwa kwa wanyama wa namna mbalimbali na kwa masafa mbalimbali, na watu wakastaajabu kuona kwamba kila mara mnyama aliacha kazi karibu na kiasi kile kile, kama wati 4 au zaidi kwa kila kilo. Hiyo 4 ndiyo mama wa mipaka yote unayoisikia leo. Haikuwekwa mahali mnyama alipokufa, wala alipopata kansa, wala alipopofuka. Iliwekwa mahali kima mwenye njaa alipoona joto limemzidi akaacha kula.

Mwaka 1982 Wamarekani waliichukua 4 hiyo wakaigawanya kwa 10, wakapata 0.4. Baadaye wataalamu wakasema namba hiyo yamfaa mfanyakazi mzima, mwenye afya, aliyefundishwa, anayerudi nyumbani jioni. Lakini raia je? Miongoni mwa raia wamo wazee, wagonjwa, wenye mimba na watoto, na wao hukaa na mawimbi usiku na mchana bila kujua. Basi wakagawanya tena kwa 5, wakapata 0.08. Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi isiyovunja chembe, iitwayo ICNIRP, iliziandika namba hizo mwaka 1998, ikazithibitisha tena mwaka 2020 pamoja na marekebisho kadha wa kadha, na nchi nyingi zimezifuata. Kutoka kwa kima mpaka kwako pamegawanywa kwa 50. Kumi ni kidole cha tahadhari, tano ni kidole kingine, na vidole hivyo vilichaguliwa na watu waliokaa mezani. Laiti wangekaa watu wengine, pengine ingekuwa 30, pengine 100.

Labda utasema, "Bwana Elimu, hayo ni ya mwili mzima. Simu yangu naiweka sikioni." Umesema kweli, na hapa pana aibu kidogo.

Simu ya kwanza ya kushika mkononi ilipigwa New York tarehe 3 Aprili 1973 na Martin Cooper wa kampuni ya Motorola. Miaka kumi ikapita kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Mwaka 1983 ikaja dukani, nzito kama gramu 800, kwa bei ya karibu dola 4,000. Sasa sikiliza. Ile kanuni ya mwaka 1982 ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba vyombo vidogo vyenye nguvu ya wati 7 au chini, katika masafa yale, havihitaji kupimwa. Hivyo chombo kilichobuniwa kiwekwe karibu na ubongo kuliko redio yoyote kabla yake kiliingia sokoni pasipo sheria ya kukilazimisha kipimwe kichwani. Nadhani waliokiandika kifungu hicho walikuwa wakifikiria redio za polisi na za madereva. Lakini kifungu hakiulizi mwandishi alifikiria nini.

Watu walianza kuuliza mwaka 1993, mjane mmoja wa kiume huko Florida alipotokea katika televisheni akasema mke wake alikufa kwa uvimbe wa ubongo mahali alipozoea kuweka simu. Mahakama haikukubali madai yake, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kisayansi wa kuunga mkono. Hofu lakini ilikwisha toka nje, na hisa za Motorola zikashuka. Mwaka 1996 serikali ya Marekani ikaamuru kila simu ipimwe, isizidishe wati 1.6 kwa kilo katika donge lolote la gramu 1 la kichwa. ICNIRP mwaka 1998 ikasema wati 2, katika donge la gramu 10, ambazo ni kama vijiko viwili vidogo vya maji. Usidanganyike kuziona namba mbili hizi zimekaribiana. Joto la simu halienei sawasawa, na ukilipima katika donge dogo kilele chake huonekana kirefu zaidi. Hivyo mpaka wa Marekani ni mkali kuliko unavyoonekana.

Na jinsi simu inavyopimwa, nilipoisoma nilicheka. Huchukuliwa kichwa cha plastiki kilicho wazi ndani, kikajazwa maji yaliyochanganywa na vitu kama sukari na chumvi mpaka yakawa yanayanywa mawimbi kama ubongo unavyofanya. Simu hufungwa shavuni, ikaamriwa itoe nguvu yake yote, na mkono wa mashine huchovya kijiti cha kupimia ndani ya maji, hatua kwa hatua. Kichwa chenyewe ni cha mwanamume mkubwa, kwa kuwa vipimo vyake vilitolewa kwa askari wa Jeshi la Marekani. Waliokichagua walisema kichwa kikubwa ndicho kinachonywa zaidi, hivyo kikipita hicho vyote vimepita. Waliopinga wakasema mtoto ana fuvu jembamba na sehemu nyingine za ubongo wake hupokea zaidi kuliko za mtu mzima. Wote wawili wana sehemu ya kweli. Huko Uingereza kamati ya Sir William Stewart, mwaka 2000, haikungoja ugomvi uishe. Ilishauri watoto wasihimizwe kupiga simu zisizo za lazima.

Juu ya kansa nitasema kwa ufupi, maana tumekwisha chukua muda mwingi. Uchunguzi wa nchi 13 uitwao Interphone, uliochapishwa mwaka 2010, haukuona ongezeko la uvimbe wa ubongo kwa watumiaji wa simu kwa jumla. Wale waliosema wamepiga kuliko wote walionekana kuwa na ongezeko kidogo, lakini wachunguzi wenyewe walisema kumbukumbu za wagonjwa huenda zilipotosha hesabu. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa kansa lililoko Lyon, Ufaransa, likayaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo "yamkini" vyaweza kuleta kansa, kundi lililokuwa na achali za mboga za Asia pia. Mwaka 2018 Wamarekani walitoa taarifa ya panya waliowekwa katika mawimbi saa 9 kila siku kwa miaka miwili. Madume walipata uvimbe wa moyo, na hata hivyo waliishi zaidi kuliko wenzao ambao hawakuguswa, jambo ambalo limewasumbua wengi. Mwaka 2024 wataalamu walioombwa na Shirika la Afya la Dunia walizikusanya taarifa 63 za watu, wasione uhusiano wa simu na kansa ya ubongo. Tangu mwaka 1983 simu zimeongezeka kutoka chache za matajiri hadi mabilioni. Kama zingekuwa na sumu kali, hospitali zingekwisha kujaa.

Mpaka wenyewe hauna maana kama hakuna anayeulinda. Mwezi wa Septemba 2023 idara ya serikali ya Ufaransa inayosimamia masafa ilinunua simu madukani ikazipima. Simu ya iPhone 12, ambayo ilikuwa sokoni tangu mwaka 2020, ikatoa wati 5.74 kwa kilo ilipopimwa kama iliyoshikwa mkononi au iliyo mfukoni mwa suruali, na mpaka wa viungo hivyo ni 4. Wakaamuru isiuzwe. Kampuni ilibisha kwanza, kisha ikarekebisha programu ya simu ili ipunguze nguvu, na ruhusa ikarudishwa. Je, aliumia mtu? Hapana shaka nafasi ya usalama ilikuwa kubwa kiasi cha kumkinga. Lakini Wafaransa hawakusema, "Nafasi ipo, tuache." Ukiila nafasi ya usalama leo kidogo, kesho kidogo, mwishowe huna nafasi tena.

Basi nilirudi kijijini. Nilimweleza mama yule habari ya kima, akacheka sana, kisha akasema, "Mnyama mwenye njaa kuacha chakula, alikuwa na sababu." Halafu akauliza juu ya mnara.

Nilimwambia hivi. Antena za mnara humulika mbele kama tochi. Hazimwagi nguvu chini kama mvua. Na ukienda mbali mara mbili, nguvu hubaki robo. Shirika la Afya la Dunia lilieleza mwaka 2006 kwamba vipimo vilivyofanywa mahali pa watu karibu na minara vilionekana kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya mpaka. Mwenye hatari ya kweli ni fundi anayepanda juu akasimama mbele ya antena kabla haijazimwa. Ndiyo sababu ya ua na kibao pale chini, na ndiyo sababu watoto wasiachwe wakauparamia.

Likabaki jambo moja ambalo wengi katika kikundi hawakulipenda. Simu hujipima yenyewe. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona. Ukiwa mbali, hupiga kelele ili isikike, na kelele hizo hupigwa sikioni mwa mwenye simu. Kijiji kikiufukuza mnara kwa ajili ya watoto, na watoto wakabaki na simu, watapokea mawimbi zaidi kuliko waliyoyapata kwa mnara. Mzee mmoja aliyekuwa mkali kuliko wote alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba wangeelezwa hivyo tangu mwanzo wasingegombana. Sikuwa na la kumjibu. Yule fundi alikuwa na chombo kizuri, na alikuwa na haki katika alilosema, ila hakuwapa watu hata robo saa.

Kabla ya somo lijalo, fanya zoezi hili. Katika simu nyingi za leo, ukibonyeza nyota, alama ya reli, sifuri, saba, na alama ya reli tena, itatokea habari ya kipimo chake, au mahali pa kukisoma. Utaona namba kama 0.8 au 1.2, wati kwa kilo, ya kichwa na ya mwili. Andika namba hiyo katika daftari, na pembeni andika ni donge la gramu 1 au la gramu 10. Kisha piga simu ukiwa ndani ya nyumba mahali ambapo mtandao ni hafifu, ukaisikie betri inavyopata moto, halafu toka nje upige tena. Wiki ijayo, katika kikundi chenu, mlinganishe madaftari.